Nakshi na Maana katika Santuri ya Queen II

Santuri ndefu ya pili ya bendi ya Queen ilitolewa Uingereza mwezi wa Machi, 1974. Ilifika nafasi ya tano katika orodha ya mauzo ya nchi hiyo, walakini baadhi ya wahakiki hawakuipenda. Lawama iliyodumu juu yake ni kwamba nakshi zake zimezidi maana yake. Lawama hiyo ni nzito, kwani ikithibitika hakitasalia kitu ila ufundi mtupu. Basi yafaa ipimwe wimbo kwa wimbo.

Santuri hii imegawanywa Upande Mweupe na Upande Mweusi. Tungo za Upande Mweupe ni za mpiga gitaa Brian May, isipokuwa mmoja wa mpiga ngoma Roger Taylor. Na zote sita za Upande Mweusi ni za mwimbaji Freddie Mercury. Huyu alizaliwa Unguja mwaka 1946, akasomeshwa India, akahamia Uingereza pamoja na wazazi wake mwaka 1964. Msikilizaji wa pwani huenda akatamani kuisikia Unguja humu. Lakini hamna taarabu wala ngoma ya kwetu, na mtunzi hupimwa kwa kazi yake, si kwa mji aliozaliwa.

Nakshi zenyewe ni hizi: sauti za waimbaji watatu zimerekodiwa moja juu ya nyingine hata zikawa kama kwaya nzima, na magitaa vivyo hivyo. Katika "The Fairy Feller's Master-Stroke" wingi huo una haki yake. Wimbo umetokana na picha ya Richard Dadd, aliyoichora kwa miaka mingi akiwa amewekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Picha ni ndogo, nayo imejaa viumbe vya hekaya wakimtazama mkata kuni aliyeinua shoka. Mercury amewasonganisha viumbe hao katika muda usiotimia dakika tatu, sauti zikipishana bila nafasi ya kupumua. Msongamano huo ndio maana ya wimbo.

"The March of the Black Queen" nao una sehemu nyingi zisizofanana, hata bendi ikawa inaimba kipande chake tu jukwaani. Hata hivyo kila mgeuko wa mwendo hufuata mgeuko wa moyo: amri, dhihaka, kisha upole.

Lawama hupata ukweli katika "Funny How Love Is". Hapo wazo moja jepesi, kwamba mapenzi yapo kila mahali, limerudiwarudiwa chini ya wingu zito la sauti. Pambo limepewa kazi ya kuficha upungufu. Kosa hilo laonekana zaidi likilinganishwa na "White Queen" wa May, uanzao kwa utulivu na kupaza sauti pale tu huzuni inapodai.

Kwa jumla, basi, lawama yauangukia wimbo mmoja, si santuri nzima. Aidha, ufundi wa kuunganisha sehemu zisizofanana, uliojaribiwa katika Upande Mweusi, ndio uliozaa "Bohemian Rhapsody" mwaka 1975. Anayeujua wimbo huo peke yake ameyajua matunda bila kuujua mti. Na ausikilize Upande Mweusi mfululizo, kwani nyimbo zake kadhaa huingiliana bila kituo.