Bei ya Kinyago

Fedha ina kazi njema. Mkulima wa Katana mwenye maharagwe na mvuvi wa Ziwa Kivu mwenye sambaza wangepata taabu kubadilishana kama pasingekuwa na kipimo kati yao. Aristoteli, mwalimu wa Wayunani wa kale, alikwisha kueleza kwamba fedha huwezesha vitu visivyofanana kulinganishwa. Basi twauliza: je, kazi ya sanaa nayo yaweza kuwekwa katika mizani hiyo?

Kitabu kimoja chatusaidia kujibu, nacho kina mizizi hapa Lwiro. Daniel Biebuyck, Mbelgiji, alikuwa mtafiti wa IRSAC, taasisi ya uchunguzi iliyoanzishwa mwaka 1947, ikaweka makao yake makuu Lwiro. Katika miaka ya 1950 alichunguza desturi za Walega na chama chao cha Bwami. Kitabu chake, Lega Culture, kilitoka mwaka 1973.

Bwami ni chama cha ngazi nyingi. Mwenye kutaka kupanda alipaswa kukusanya mali: nyama, vyakula na musanga, yaani fedha ya vipande vya kombe la konokono vilivyotungwa kwenye uzi. Ndugu zake walimchangia, naye akawagawia wakubwa wa chama. Lakini angalia vema, msomaji: musanga ililipia mafundisho, tena mwenye mali asiye na adabu hakupanda. Kinyago kilifuata kama ushahidi, cha mti kwa ngazi ya yananio, cha pembe ya ndovu kwa ngazi ya kindi. Hakikuwa kitu cha sokoni.

Tena, neno la Kilega busoga lashika wema na uzuri pamoja, kama sisi tusemavyo “mtu mzuri”. Uzuri wa kinyago ulionekana katika kukitumia. Mara kilifungwa mkononi, mara kilitundikwa kwenye ua, mara kiliburutwa kwa ndevu zake, na matendo hayo yalikwenda pamoja na nyimbo na methali.

Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilikipiga chama marufuku. Vinyago vingi viliondoka, vikaingia katika nyumba za makumbusho na minada ya Ulaya na Marekani. Huko mnunuzi hupenda sana mng'ao wa pembe. Nao mng'ao huo ni nini? Ni mafuta waliyoyapaka wazee, na mikono yao iliyokishika miaka mingi. Hivyo mnunuzi hulipia alama za utumishi ambao ununuzi wenyewe umeukomesha.

Twamsifu Biebuyck kwa kuandika methali pamoja na vitu. Kwake kinyago hakikuwa uso mtupu. Lakini kitabu ni cha Kiingereza, hali watoto wa Shabunda na Mwenga husoma Kifaransa na Kiswahili. Muuzaji wa mbali aweza kukisoma apate maneno ya kupandisha bei, na mjukuu wa mwenye kinyago asikifahamu. Huo ni upungufu mkubwa.

Basi jibu letu ni hili. Fedha yaweza kuitumikia sanaa, kama musanga ilivyotembea toka mkono hata mkono ili mafundisho yafike. Hasara yaanza fedha inapochukua kitu na kuliacha neno lake. Anayetaka kuwarudishia Walega haki yao, arudishe vinyago pamoja na methali zake, kwa lugha wanayoisoma.