Baridi Iliyoundwa kwa Kioo na Umeme

Filamu ya Luc Jacquet iitwayo La Marche de l'empereur, yaani mwendo wa kaisari, ihusuyo ngwini kaisari wa Antaktika na iliyoanza kuonyeshwa Ufaransa mwezi wa Januari 2005, ina muziki wa namna mbili, na aghalabu ya walioitazama duniani wameusikia wa pili tu. Walioiona kwa Kiingereza, ikisimuliwa na Morgan Freeman, walisikia okestra ya Alex Wurman. Bali Wafaransa, ambao filamu ni yao, walisikia kazi ya binti wa Montpellier, Émilie Simon, mwenye umri wa miaka 26 wakati ule, aliyekwisha kutoa albamu yake ya kwanza mwaka 2003, na aliyepata kusoma IRCAM, taasisi ya Paris inayochunguza elimu ya sauti na muziki wa kompyuta. Nakusudia kuitazama kazi ya huyu binti, si kwa sababu ile ya Wurman ni duni, ila kwa kuwa ya Simon ndiyo iliyojitwika mzigo mzito: kumfanya msikilizaji aione baridi kwa sikio.

Baridi haina sauti. Mtunzi aliyetakiwa kuileta masikioni hana budi kuazima dalili, na dalili zilizozoeleka zimekwisha kuchakaa kwa kutumiwa: njuga, kwaya ya mbali, violini zilizopandishwa juu hata zikakaribia kukatika. Simon alizipita zote, akaenda kwa ala adimu tatu, ambazo mpigaji wake, Thomas Bloch, ni miongoni mwa wachache duniani walio mahiri nazo. Ya kwanza ni harmonika ya kioo, aliyoibuni Benjamin Franklin mwaka 1761: mabakuli ya kioo yaliyopangwa kwenye mhimili mmoja unaozunguka, yakiguswa na kidole kilicholowa maji. Ya pili ni Cristal Baschet, iliyobuniwa na ndugu wawili wa Kifaransa mwaka 1952, ambayo vijiti vyake vya kioo husuguliwa vivyo hivyo, mtetemo ukapita katika vyuma hata ukafika kwenye mabamba makubwa yanayoutawanya hewani. Ya tatu, Ondes Martenot ya mwaka 1928, ni ala ya umeme. Mkono wa kulia huvuta pete kwenye uzi, na wa kushoto hubonyeza kitufe kinachoamua ukubwa wa sauti.

Ala hizi tatu zashiriki sifa moja, nayo ndiyo siri ya kazi nzima: sauti yake haina mwanzo. Kinanda chatambulika kwa kishindo cha nyundo, udi kwa mchomo wa ukucha. Lakini kioo kilichosuguliwa hutokea polepole, na sikio hugundua kuwa sauti ipo baada ya kuwa imekwisha kuwapo.

Upande wa pili mtunzi aliweka kinyume chake, sauti zenye mwanzo tu zisizo na masalio: mlio wa nyayo kwenye theluji, mpasuko wa barafu, na vishindo vidogo vya kompyuta vilivyokatwa mkia. Hapa maumbile yalimsaidia. Theluji ya baridi kali hulia inapokanyagwa, maana chembe zake haziyeyuki chini ya unyayo, bali huvunjika na kusagana. Na theluji hiyo hiyo, ikiwa mpya, imejaa matundu ya hewa yanayomeza sauti, hata mlio ukafa pale pale ulipozaliwa. Barafu ni ajabu zaidi. Ufa upitapo katika bamba pana la barafu, mitetemo myembamba huenda mbio kuliko minene, na aliye mbali hupata kwanza wembamba kisha unene, mlio mmoja ukiporomoka kutoka juu hata chini kwa kufumba na kufumbua. Asiyeujua ataapa kuwa umetoka katika mashine. Basi anayelalamika kwamba umeme hauna mahali katika filamu ya wanyama hajayasikiliza maumbile yenyewe.

Fauka ya hayo, ndege wenyewe wana muziki wa jinsi hii. Ngwini kaisari hajengi kiota, na mume na mke hutambuana kwa sauti katikati ya umati wa maelfu. Kiungo chake cha sauti kina pande mbili zinazolia kwa wakati mmoja, na sauti hizo, zikiwa zakaribiana bila kulingana, hugongana zikazaa mtetemo ambao kila ndege ana wake. Noti mbili za kioo zilizo jirani hufanya hivyo hivyo.

Kati ya sauti zisizo na mwanzo na zile zisizo na masalio pamebaki pengo, nalo ni mahali ambapo muziki wa kawaida huweka kifua chake: sauti nene za katikati, zile tunazoziita za joto pasipo kufikiri. Simon aliliacha pengo hilo karibu tupu, kisha akaingiza humo kitu kimoja, koo lake mwenyewe, jembamba, la kitoto kidogo, lililonaswa karibu sana hata pumzi husikika. Joto pekee lililomo katika muziki ni hilo, na ni haba, mfano wa joto la yai ambalo dume hulilinda juu ya miguu yake kwa siku 65 hivi, bila kula, katika usiku wa Antaktika.

Sisemi kila kipande kimefaulu. Kile cha ndege wawindaji, ambacho jina lake ni mzaha wa sinema za kutisha, chanifanya nitabasamu mahali ambapo kifaranga yu karibu na kuuawa.

Kwa nini basi Wamarekani waliuondoa muziki huu? Husemwa kwamba ulikuwa wa kigeni mno kwa watazamaji wao, na huenda ni kweli, lakini naona sababu iliyo ndani ya filamu. Katika nakala ya Kifaransa ngwini hunena: Charles Berling ni baba, Romane Bohringer mama, Jules Sitruk mtoto, kila mmoja akisema mimi. Nyimbo za Simon, ingawa aghalabu zimeimbwa kwa Kiingereza, nazo zasema mimi, kwa hiyo masimulizi yakinyamaza wimbo waendeleza usemi ule ule. Nakala ya Marekani iliwanyang'anya ndege ulimi, ikamweka juu yao msimulizi anayesema wao. Na chini ya sauti nzito ya Freeman, binti anayeimba kwa nafsi ya kwanza angekuwa mgeni asiyejulikana ameingia kwa mlango gani. Okestra isiyo na maneno ilikuwa lazima. Filamu ikapata tuzo ya Oscar ya mwaka 2006 kwa filamu za hali halisi, na mwaka huo huo, kwao Ufaransa, muziki wa Simon ukapewa Victoire de la Musique ya muziki wa filamu.