Katika Kuusifu Mshipi, na Nasaha Chache kwa Mabibi Wanaouanza

Miongoni mwa amali ambazo binadamu amejaaliwa ili apate riziki ya mwili wake na starehe ya nafsi yake kwa pamoja, sioni iliyo bora kuliko uvuvi wa mshipi, wala sioni iliyozungukwa na maneno mengi zaidi ya watu wasioijua. Na katika maneno hayo yote, lililo batili kupita mengine ni lile lisemwalo barazani na wanaume walioshiba, kwamba bahari ni ya mwanamume, na kwamba mwanamke nasibu yake ni kungoja pwani na kapu mkononi. Asemaye hivyo hajatembea Unguja siku za bamvua. Mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, maji hupwa hata miamba ya mbali ikabaki wazi, na aghalabu watokao kuifuata ni wanawake, wamejifunga kanga viunoni, wanakwenda kuchokoa pweza. Nao huitambua nyumba yake kwa maganda ya kaa na kombe aliyoyatupa mlangoni baada ya kula, dalili ambayo mgeni ataikanyaga na kupita zake. Basi mwenye macho ya namna hiyo akitamani kupanda ngalawa na kushika mshipi, huyo si mgeni wa bahari hata kidogo. Ni mgeni wa uzi tu, na uzi hufundishika.

Mshipi wenyewe, kwa mwenye kuutazama juu juu, ni kitu duni: uzi wa nailoni uliozungushwa kwenye kibao, chubwi ya risasi ya kuuzamisha, ndoana, na kipande cha ngisi au kamba kwa chambo. Hauna umbo la kutisha wala thamani ya kuringia, na pengine ndiyo sababu vijana wengi huupita na kwenda kutamani fimbo zinazong'aa. Lakini uzi huo ukisha kushuka, chubwi ikagusa chini, nawe ukaipandisha kidogo ili ndoana isinase mwambani, huwa ndio njia pekee ya habari baina yako na ulimwengu usiouona, na habari zote hizo hupokewa na kidole kimoja, cha shahada, kilichoukalia uzi pasi na kuubana. Kikande hana adabu. Hudonoa chambo kidogo kidogo kwa kinywa chake chembamba na meno yake makali, hata uvutapo ukute ndoana tupu, safi, kama iliyooshwa. Changu ni mkweli zaidi, hugonga mara mbili tatu kisha akaondoka nacho. Chewa humeza chambo kizima na papo hapo hugeuka kurudi pangoni mwake, na ukichelewa kumpandisha pima mbili za kwanza, amekwisha kujitanua ndani ya mwamba, na mazungumzo yenu yamekoma. Nguru huja kwa kishindo, naye meno yake hukata nailoni, kwa hiyo anayemkusudia hutia waya juu ya ndoana.

Kupambanua hayo yote gizani, kwa ncha ya kidole, katika mkondo unaovuta uzi na ngalawa inayoyumba, ndiyo sanaa yenyewe. Haidai misuli. Yadai utulivu wa kiganja na subira isiyolala, na mtu aliyekwisha kumaliza kofia ya kiua, tundu baada ya tundu, hana haja ya kuhubiriwa subira na mvuvi ambaye, akikosa samaki kwa kitambo kidogo tu, huanza kumlaumu nahodha.

Kwa hiyo nasaha yangu ya kwanza, bibi, ni hii: usiuzungushe uzi mkononi. Mgeni hufanya hivyo kwa kudhani ataushika barabara zaidi, asijue kwamba samaki mwenye nguvu akiondoka ghafula uzi hukaza na kukata nyama. Uache upite juu ya kidole, na uliobaki ulale chini, miguu yako ikiwa mbali nao. Ya pili ni kutokurupuka. Mguso wa kwanza ni udadisi wa samaki, wala si ahadi, na anayevuta kwa kila mguso atakuwa amewalisha kikande wa mwamba mzima bila ya kumwona hata mmoja wao.

Wakati wa kwenda nao una hikima yake, na hapa mwanamke aliyezoea pweza itambidi ageuze hesabu. Bamvua, ambayo kwa pweza ni neema, kwa mwanafunzi wa mshipi ni mashaka, maana mkondo huwa mkali, chubwi haitulii, na kidole hakijui kipi ni samaki na kipi ni maji. Ngojea maji mafu, mwezi uwapo nusu, na ukiweza uchague siku za tanga mbili, baada ya kaskazi kuchoka na kabla ya kusi kushika nguvu. Usitoke na tumbo tupu, wala na tumbo lililojaa. Kichefuchefu kikija, yainue macho yako uyatue mbali, pale bahari na mbingu zikutanapo, wala usiinamie maji ya ngamani; tangawizi ya kutafuna nayo husaidia. Na usione haya: wapo manahodha wa miaka mingi ambao siku ya upepo huwa wanyamavu mno, na sababu ya unyamavu wao si tafakuri.

Wapo samaki wawili ambao hawana mzaha. Tasi, ambaye ni mtamu akichomwa, ana sumu katika miiba yake, na akikuchoma kwanza utajuta kuzaliwa. Dawa iliyo karibu ni kulitia jeraha katika maji ya moto, kwa kiasi ambacho ngozi yastahimili bila ya kuungua, kwa kuwa sumu ile huvunjwa na joto. Bunju naye, ajitutumuaye hata akawa mviringo, mrudishe baharini salama, wala usimsikilize asemaye anajua namna ya kumpika.

Atakayeshikilia kwamba nguvu ya mkono ndiyo hoja, na ageuze uso kuitazama Scotland. Jioni ya tarehe 7 Oktoba 1922, katika mto Tay, Georgina Ballantine, ambaye baba yake ndiye aliyekuwa akivuta makasia katika mashua ileile, alinasa samaki wa jamii ya samoni akapambana naye takriban saa mbili, hata usiku ukaingia. Na alipotiwa mizanini, samaki yule alikuwa na ratili 64, yaani kilo 29 hivi. Hata leo hajapatikana katika Uingereza samoni wa kuvuliwa kwa fimbo na uzi aliyethibitishwa kumzidi. Samaki aliwekwa dirishani mwa duka katika mji wa Perth, watu wakajazana kumtazama, na bibi mwenyewe, aliyekuwa amesimama nyuma ya umati, aliwasikia wazee wawili wakihojiana, mmoja akiapa kwamba habari ya mwanamke kumtoa samaki kama yule majini ni uwongo mtupu. Hakuwajibu. Alicheka kimoyomoyo akaenda zake kuwahi basi. Kwa rai yangu, ushindi wake wa dirishani ulikuwa mkubwa kuliko ule wa mtoni.

Na kama hilo ni la karibu mno, kipo kitabu cha Kiingereza juu ya uvuvi wa ndoana kilichopigwa chapa mwaka 1496 na Wynkyn de Worde, ambacho kwa karne nyingi kimenasibishwa na mwanamke, Juliana Berners, mkuu wa nyumba ya watawa. Wanazuoni wa sasa wanautilia shaka unasibisho huo, nami siwaingilii. Linalonipendeza ni kwamba kitabu hicho, baada ya kufundisha kuunda fimbo na kusokota uzi wa singa za farasi, chamsihi mvuvi asivunje nyua za watu, afunge malango aliyoyafungua, na asivue kupita haja yake.

Sina mengi ya kuongeza kuhusu mavazi, ila kofia pana ya ukili na kanga moja zaidi ya uliyodhani yatosha. Lililobaki ni wale wanaume ambao, uchukuapo mshipi, watakuja upande huu na upande huu kukuelekeza: mzee mmoja atakuambia, «Legeza, mwanangu,» na mwingine wakati huohuo, «Kaza, dada!» Wajibu kwa taadhima, uwaambie ahsante, na uendelee kukisikiliza kidole chako. Lakini kabla ngalawa haijang'oa nanga, yafaa kupatana mbele ya mashahidi kwamba mwenye kuvua atakula, na mwenye kushauri ndiye atakayepaa samaki.