Marundo ya Henry Bradley

Kitenzi give hakimsumbui mtu. Mtoto wa shule ya msingi anakijua: kutoa, kupa. Kiongezee kineno up, na aliyekuwa akisoma kwa kujiamini anakwama, maana hakuna kilichotolewa wala kilichopanda. Mmoja ameacha sigara, mwingine amekata tamaa, wa tatu amejisalimisha polisi, wa nne amempisha mzee kiti ndani ya basi. Wote hao ni give up.

Tatizo hili Samuel Johnson alishaliona. Katika utangulizi wa kamusi yake ya mwaka 1755 alisema vitenzi vya namna hii ndivyo vinavyowatesa wageni zaidi. Lakini ninayemvulia kofia ni Henry Bradley, aliyefanya kazi ya ukarani kwa miaka mingi katika kampuni ya visu mjini Sheffield, bila kupita chuo kikuu. Mwaka 1884, sehemu ya kwanza ya kamusi kubwa ya Oxford ilipotoka, aliihakiki kwa ustadi uliomgutusha mhariri wake, James Murray. Akaitwa kazini, na baadaye naye akawa mhariri. Herufi G ikamwangukia, na ndani ya G vimo get, give na go. Kisha akapewa mwanzo wa S, alikokuwa akisubiriwa na set.

Kazi yenyewe ilikuwa ya vipande vya karatasi. Wasomaji wa kujitolea walinakili sentensi kutoka vitabuni, pamoja na mwaka, mwandishi na ukurasa, na neno lenyewe pembeni juu. Mhariri anazitandaza mezani, tuseme za give up. Hii inazungumzia mji ulioachiwa adui, anaiweka hapa. Ile inamhusu mgonjwa ambaye tabibu amesema haponi tena. Inakataa kukaa na ya kwanza, basi rundo jipya linaanza. Hatungi maana kichwani ndipo atafute mfano. Anasubiri sentensi zimwambie, na hapo ndipo ninapouona ufundi wote wa kazi hii. Kisha anapanga kila rundo kwa miaka, ili ionekane maana ipi ilitangulia na ipi ilichipuka kutoka kwake.

Bradley alifariki mwaka 1923. Miaka miwili baadaye mwandishi Logan Pearsall Smith alichapisha kitabu chake Words and Idioms, akaeleza kwamba jina phrasal verb, linaloviita vitenzi hivi vyenye kineno kama up, alipendekezewa na Bradley. Nani mwingine angestahili kuvipa jina? Vingi vilikuwa vimepita mikononi mwake kimoja kimoja, tangu get hadi set.