"Alimwomba" au "Alijiomba"? Mifano ya Kibinadamu katika Kuufundisha Utatu

Magara ni mahali pa wavuvi kando ya Ziwa Tanganyika, katika barabara itokayo Bujumbura kwenda Rumonge. Huko tulisikia mfano ambao bila shaka wasomaji wengi wa kijarida hiki wamewahi kuusikia kwingineko. Mwalimu wa dini aliwaambia vijana wake kwamba Utatu si jambo gumu. "Mimi nyumbani ni baba, hapa darasani ni mwalimu, na usiku ziwani ni mvuvi. Je, mimi ni watu watatu?" Wote wakajibu hapana. Ndipo msichana mmoja akauliza: "Mwalimu, sasa Yesu alipokuwa anasali bustanini, alikuwa anajiomba mwenyewe?" Wenzake wakacheka. Mwalimu akasema hilo ni fumbo, akaendelea na somo.

Tunaona kwamba swali lile halikustahili kuchekwa. Ni swali la imani, lakini pia ni swali la sarufi, na sisi tunaofundisha Kiswahili tuna la kusema juu yake. Katika makala haya tunakusudia kuihakiki mifano ya kibinadamu inayotumiwa kuueleza Utatu, tukitumia viambishi ambavyo kila mwanafunzi wetu anavijua.

Mafundisho ya Kanisa, kama yalivyowekwa katika mitaguso ya Nisea mwaka 325 na Konstantinopoli mwaka 381, yakisemwa kwa Kiswahili yanadai mambo mawili. Kwanza, tunasema "Mungu anaokoa", hatusemi "wanaokoa": kiambishi cha mtenda ni a-, si wa-. Pili, tunasema "Baba alimtuma Mwana" na "Mwana alimwomba Baba", hatusemi "alijituma" wala "alijiomba": kiambishi cha mtendwa ni -m-, si -ji- ya kujirejea. Mfano wowote unaofaa hauna budi kupita mitihani yote miwili.

Tuanze na mfano wa Magara. Mtihani wa kwanza unaupita vizuri, kwani baba, mwalimu na mvuvi ni mtu mmoja. Katika mtihani wa pili unaanguka. Mvuvi hawezi kumtuma mwalimu sokoni. Akifanya hivyo amejituma. Huu ndio mwelekeo wa Sabelio wa karne ya 3, aliyehesabiwa kufundisha kwamba Baba, Mwana na Roho ni majina ya Mungu yule yule anayejidhihirisha kwa namna tatu. Kanisa liliukataa, na sababu ni ile ile aliyoiona msichana yule: fundisho hilo linaifanya sala ya Yesu kuwa mazungumzo ya mtu na nafsi yake.

Mfano wa pili ni wa watu watatu wenye ubinadamu mmoja, kama vile ndugu watatu wa nyumba moja. Huu unaupita mtihani wa -m-, kwa maana ndugu huweza kupendana na kutumana. Lakini unaanguka katika mtihani wa a-, kwa sababu ndugu watatu "wanavua", hawawezi "kuvua" kwa umoja wa kitenzi. Gregori wa Nisa, mwishoni mwa karne ya 4, alimwandikia Ablabio kuhusu tatizo hili hili: kwa nini tusiseme miungu watatu? Sehemu moja ya jibu lake inatugusa sisi wanasarufi. Wavuvi watatu kila mmoja ana kazi yake, hata kama kazi zinafanana. Kazi ya Mungu, kwa maelezo yake, huanzia kwa Baba, hupitia kwa Mwana na hukamilika katika Roho, nayo ni kazi moja. Kwa maneno yetu: watendaji hawajigawii vitenzi.

Mfano wa tatu ni wa Augustino wa Hippo (354–430), aliyetafuta sura ya Utatu ndani ya mtu mmoja: kumbukumbu, akili na utashi. Ni mfano wenye kina kuliko yote miwili. Hata hivyo, Augustino mwenyewe, katika kitabu cha 15 na cha mwisho cha kazi yake juu ya Utatu, alikiri kasoro yake: mtu anavyo vitu hivyo vitatu lakini yeye si vitu hivyo. Tena kumbukumbu haimwombi mtu. Mwalimu anayeutumia mfano huu angefuata pia uungwana wa aliyeutunga, akasema unapokomea.

Je, hapana mfano wa kwetu? Padre Charles Nyamiti wa Tanzania (1931–2020) aliutafuta katika uhusiano wa mhenga na mzawa wake, na kitabu chake cha mwaka 1984 juu ya Kristo kama mhenga wetu kinajulikana sana katika teolojia ya Kiafrika. Sisi tunapendekeza mmoja mdogo kutoka katika desturi ya kuitana. Mtu akipata mtoto wa kwanza, majirani huanza kumwita Baba Fulani. Kama mtu, alikuwapo miaka mingi kabla ya mtoto. Lakini kama baba, umri wake na wa mtoto ni mmoja. Ario wa Aleksandria alidai kwamba Baba lazima awe alimtangulia Mwana. Desturi yetu inaonyesha kwamba neno "baba" halimtangulii "mwana" hata kwa siku moja. Kasoro yake ni kwamba binadamu alikuwa na jina jingine kabla ya hapo. Mungu, kwa mafundisho haya, hakuwahi kuwa bila Mwana.

Lililobaki ni neno "nafsi". Tunasema Mungu mmoja katika nafsi tatu, na darasani tunafundisha nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kufanana huku si bahati nasibu. Neno la Kilatini persona lilitumika katika sarufi na katika teolojia, na Tertuliano wa Karthago, mwanzoni mwa karne ya 3, alisoma Maandiko akiuliza nani anasema, anasema na nani, na juu ya nani. Hilo ni jedwali letu la nafsi. Lakini hata hapa tuwe waangalifu. Wanasarufi wa Kiarabu huiita nafsi ya tatu "ghaibu", yaani asiyekuwapo, ilhali Roho hafundishwi kuwa ghaibu. Kiswahili kina njia yake ya kulisema hilo: "roho yangu imechoka", lakini "Roho Mtakatifu anaongoza". Upatanisho wa kisarufi umebadilika, na tunajua kwamba anayesemwa ni nafsi, si kitu.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika mwambao ule. Wamisionari wa kwanza Wakatoliki walifika Rumonge mwaka 1879, na watatu kati yao waliuawa huko mwaka 1881. Kiswahili katika mwambao huo kilikuwa pia lugha ya Waislamu. Kwa Kiarabu nafs ni nafsi kwa maana ya roho au mtu mwenyewe, ndiyo maana Wakristo wa Kiarabu hutumia neno jingine, uqnum. Mwanafunzi Mwislamu anayesikia "nafsi tatu" ana haki ya kudhani kwamba tumesema watu watatu. Sarufi haitamfanya aukubali Utatu, wala si kazi yetu. Lakini itamwezesha kuukataa au kuuelewa kama ulivyo, si kama mfano mbovu ulivyouchora.

Tunawashauri walimu wenzetu, hasa wa somo la viambishi, kuziandika ubaoni sentensi mbili, "alimwomba" na "alijiomba", na kuwaacha wanafunzi waeleze tofauti. Na mwanafunzi akiuliza swali kama lile la Magara, asiambiwe kwanza kuwa ni fumbo. Aambiwe kwanza kwamba ameuliza vyema.