Kuezeka Huanzia Chini

Mwezi wa tatu tangu nipewe kofia ngumu na kadi yenye picha yangu, mzee aliyenifundisha kazi alishuka mnarani na kipande cha kebo mfukoni. Akaniambia nikinge kiganja. Akachana utepe mweusi kwa kisu, akainamisha kiungo, na maji yakanidondokea mkononi, kama kijiko kimoja cha chai, yamegeuka kijani kwa kutu ya shaba.

"Kunywa," akasema. "Ni ya kwako."

Kiungo kile nilikifunga mimi. Nilizungusha utepe kutoka juu nikishuka, kama mtu anavyofunga kidonda cha kidole, na kila mzunguko ukaacha mdomo wazi kuelekea mawinguni. Mvua za Kalemie, mji wetu kando ya Ziwa Tanganyika, zikiona mdomo wazi haziombi ruhusa. Ndani ya wiki tatu upande mmoja wa mji ulikuwa unapiga simu zinazokatika katikati ya salamu. Mzee hakunikaripia. Aliniuliza tu kama nimewahi kumwona mtu akiezeka nyumba ya nyasi. Nimemwona, nyumba niliyozaliwa ilikuwa ya nyasi. Anaanzia wapi? Chini, kwenye upenu, kisha anapanda, ili tita la juu lilalie la chini na maji yapite juu ya migongo yao mpaka ardhini. "Basi wewe," akasema, "umeezeka nyumba ya shefu kichwa chini."

Tangu siku hiyo nafunga viungo kutoka chini kwenda juu. Kwanza utepe wa mpira unaojishika wenyewe, ukivutwa mpaka uwe mwembamba. Halafu ule mweusi, tabaka baada ya tabaka, na la mwisho lazima lipande. Kipande cha kumalizia hakivutwi hata kidogo, kwa sababu utepe uliovutwa una kumbukumbu: jua likiupata unarudi nyuma, unainua ncha, na mvua inapata mlango. Chini ya kiungo kebo inapewa kitanzi kidogo kinachoning'inia, ili tone linalotambaa lifike mahali pa kuanguka kabla halijaingia ndani. Kazi hiyo huchukua dakika ishirini. Nimeona watu wakiifanya kwa tano, na najua watarudi lini kuirudia.

Naitwa mfanyakazi wa kampuni ya teknolojia. Nikilisema neno hilo mbele ya ndugu zangu wa Lubumbashi, nawaona wanajenga picha ya ofisi yenye ubaridi wa mashine na kiti kinachozunguka. Watu wa Kalemie hawadanganyiki. Hapa mnara mzima, tangu zege la chini hadi taa nyekundu ya kileleni, unaitwa antena, na mimi ni fundi wa antena, cheo kinachonifanya nisimamishwe sokoni na akina mama wauzao samaki wa ndakala waniulize kwa nini rezo, yaani mtandao, imelala. Zamani rezo ikilala watu walikosa salamu. Tangu M-Pesa iingie Kongo mwaka 2012, wanakosa pesa ya samaki ambaye tayari yumo kwenye beseni la mtu mwingine. Nimejifunza kupita njia ya nyuma.

Kwetu "aliye juu mngoje chini" ni utaratibu wa kazi kabla ya kuwa methali. Mmoja anapanda, mwingine anabaki chini akimtazama bila kukaa, na wa chini ndiye anayechoka zaidi shingo. Mkanda wa kupandia una kamba mbili zenye ndoano. Unafungua moja, unaipeleka juu, unaifunga, ndipo unagusa ya pili. Hakuna sekunde ambayo zote mbili ziko wazi. Sheria ni hiyo, na ni fupi kwa sababu ndefu husahaulika ukiwa na upepo wa ziwa masikioni. Mzee alikuwa mtoto wa mkwea michikichi. Baba yake alipanda kwa kitanzi kimoja, kinamzunguka yeye na mti pamoja, anaegemea nyuma, anakirusha juu, anapiga hatua. Mzee alisema tofauti yetu na baba yake ni kwamba mchikichi ulimpa mawese.

Na kwa kuwa alitoka katika nyumba ya wakwea miti, methali ya mgema aliichukua kama ilivyo. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Katika miaka yote niliyomfuata sijamsikia akimwambia mtu "vizuri". Kazi ikiwa imekaa sawa alisema "twende".

Sasa nifike kwenye sehemu ya kazi hii ambayo ningeifanya hata bila mshahara (naomba shefu asisome hapa).

Minara haizungumzi na simu za watu tu. Inazungumza yenyewe kwa yenyewe, kwa sahani za duara zilizofungwa ubavuni, kila moja ikimtazama mwenzake aliye mbali, pengine kilomita arobaini. Kuielekeza sahani ni kulenga kitu usichokiona kwa kitu kisichoonekana. Ukikosea digrii 1 tu, kwa umbali huo mwale wako unapita karibu mita 700 pembeni mwa mnara wa mwenzio, unakwenda kuwasalimia nyani. Kwa hiyo unatia spana mbili kwenye boliti, unashika simu au redio ya mkononi, na mwenzako aliye upande wa pili anakaa kimya kama mvuvi. Robo mzunguko wa nati. Ngoja. Soma namba. Robo nyingine. Ngoja. Mmoja akisogeza, mwingine ni marufuku kugusa kitu. Mkisogea wote wawili kwa pamoja hakuna atakayejua nani amempoteza nani. Nimewaona mafundi wawili hodari wakitumia siku nzima kutafutana kwa sababu kila mmoja alimhurumia mwenzake akataka kumsaidia.

Namba inapanda, inapanda, inafika kileleni, inaanza kushuka. Hapo mwanafunzi hushangilia, anarudi kileleni, anakaza. Mimi nilishangilia. Nilipata desibeli 61 chini ya sifuri, karatasi ya hesabu ilitaka 40, nikasema karatasi ilichorwa na mtu asiyewahi kupanda. Mzee aliuliza kwa redio: "Umepita upande wa pili wa bonde?" Sikuelewa. Mwale wa sahani una kilele kikubwa katikati, na pembeni yake vilima vidogo, na aliyesimama juu ya kilima anaona pande zote zinashuka, kwa hiyo anaapa kwamba amefika mlimani. Desibeli 21 ni zaidi ya mara mia ya nguvu. Siku ya jua kilima kinatosha, simu zinapita, fundi anakunywa bia yake. Siku ya mvua kubwa, mji unanyamaza. Dawa yake ni moja: ukifika kileleni usikae. Teremka upande wa pili, vumilia namba ikufie mkononi, endelea, uone kama kuna mlima nyuma ya bonde. Si wengi wanaoweza kuiacha namba nzuri.

Halafu kuna ziwa. Sahani zinazotazamana juu ya maji, kutoka rasi hadi rasi, zina tabia ambayo milimani huikuti. Wimbi linasafiri kwa njia mbili, moja imenyooka hewani, nyingine inashuka, inadunda usoni mwa maji na kufika ikiwa imechelewa kidogo. Zikifika kwa mwendo mmoja zinasaidiana. Zikifika kinyume, zinafutana. Kwa masafa tunayotumia urefu wa wimbi ni kama sentimita nne, kwa hiyo katika safari ya kilomita arobaini tofauti ya sentimita mbili yatosha kuwafanya ndugu hawa wawili wauane. Jioni, hewa ya juu ya maji inapojipanga upya, ziwa likiwa shwari kama kioo, ndipo mawasiliano ya sahani hizo yanapozimia. Mgeni akilitazama anapiga picha. Sisi tunaliogopa zaidi likiwa zuri. Tunachofanya ni kufunga sahani mbili kwenye mnara mmoja, ya pili mita kadhaa chini ya ya kwanza, ili mahali moja inapofutwa nyingine iwe bado inasikia.

Na uso wa maji wenyewe haukai. Ziwa hili lenye urefu wa zaidi ya kilomita 670 lina mlango mmoja tu wa kutokea, Lukuga, na mlango huo uko hapa kwetu. Msafiri Mwingereza Cameron alipofika mwaka 1874 alisema maji yanatoka. Stanley, msafiri mwingine, akaja 1876, akakuta matope na mafunjo, akabisha. Haikupita miaka mingi ziwa likapasua kizuizi na mto ukakimbia kuelekea magharibi, na ubishi ukaisha, kwani mlango ule huziba na kuzibuka. Mwaka 2024 ziwa lilipanda mpaka likaingia majumbani mwa watu wa ufukweni. Siwezi kulinganisha shida zao na zangu. Lakini mahali wimbi linapodunda palikuwa pamehama pia, na sisi tulipanda kuangalia upya namba ambazo miaka yote zilikuwa zimekaa kitako.

Wavuvi wananiuliza jambo jingine. Usiku wa giza, wanapokwenda mbali na taa zao kuwaita ndakala, simu huonyesha vijiti vya rezo lakini haipigi. Wanadhani kampuni inabania. Ukweli ni kwamba katika ule mtindo wa zamani wa simu, unaotumiwa bado na simu zao za vitufe, kila simu hupewa kifungu chake kidogo cha muda wa kusema, na mnara umepangiwa kumsubiri mtu asiye mbali zaidi ya kilomita 35. Aliye mbali zaidi ya hapo anausikia mnara vizuri, anajibu, lakini jibu lake linafika zamu ya mwingine ikiwa imeanza. Nilipomweleza hivyo mvuvi mmoja alifikiri kidogo akasema, "Kama barua ya mahari." Sijapata maelezo bora kuliko hayo.

Ya grupu, yaani jenereta, na mazutu inayoyanywa nitayapitia haraka, maana kila mtu wa Kongo anayajua. Umeme wa mji unatoka kwenye maporomoko ya Bendera, na usipofika, grupu inaanza. Anayeijua grupu kuliko sisi sote ni sentineli, mlinzi anayelala kando yake. Aliwahi kunipigia saa nane usiku akisema, "Baba, leo inakohoa." Vipimo vyote ofisini vilikuwa vizuri. Chujio lilikuwa limejaa matope.

Na radi: utafiti wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliipa Kabare, huko Kivu Kusini, nafasi ya kwanza Afrika kwa wingi wa radi, na sisi tuko jirani. Chini ya kila mnara pamezikwa shaba, na kuizunguka tunaweka mkaa na chumvi ili ardhi ishike unyevu na kuimeza radi vizuri. Anayepita akituona tunamwaga chumvi shimoni hutuangalia kwa heshima mpya.

Nyumbani natengeneza redio. Mama watoto anasema mwanamume aliyeshinda na waya mchana angepumzika na kitu kingine usiku, na meza yake ya kulia haijaonekana mbao tangu Pasaka. Ana haki. Lakini redio ya zamani ni mnara unaoingia mapajani. Nalehemu waya uliokatika, nasafisha kitufe cha sauti kinachokwaruza, narudisha uzi mwembamba unaosogeza mshale. Ndani kuna kijiti cheusi kilichozungushiwa waya, na hicho ndicho kinachokamata masafa ya kati. Kikielekeza ncha yake kwenye kituo hakisikii, kikikipa ubavu kinasikia. Hakuna mzee wa Kalemie aliyenifundisha hilo kwa jina lake, na hakuna asiyejua kuigeuza redio robo mpaka sauti ije. Siku moja bibi mmoja alileta yake imekufa. Niliigeuza mezani, ikaimba. Akanitazama kama mwizi nilipokataa pesa.

Watoto wanaokuja kutazama nawasimulia meli. Si Mimi na Toutou, mashua za Waingereza zilizotokea bandari hii hii kupigana na Wajerumani mwishoni mwa 1915 na mwanzoni mwa 1916. Hadithi hiyo ina mizinga mingi na kila mtu anayo. Nawasimulia wale mafundi wa Kijerumani ambao Julai 1916, walipoamriwa kuizamisha Graf von Götzen isichukuliwe, waliipaka injini grisi nene kila mahali kwanza. Vita vilikuwa vimewashinda ziwani, na wao wakapaka grisi. Meli ilikaa chini ya maji kwa miaka. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, injini ilikuwa nzima, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Watoto wanauliza nani alishinda vita. Mimi naulizia grisi.

Mzee amestaafu, na macho yake yameingia ukungu. Jumapili moja alikuja kwangu, akakaa chini ya mwanzi ambao juu yake nimefunga antena yangu ya redio. Kebo inashuka kando ya mwanzi, na kwenye usawa wa kifua kuna kiungo nilichokifunga mwaka juzi. Alikipapasa akiwa anaongea habari za mjukuu wake. Akaweka kidole gumba juu ya utepe, akakiteremsha polepole, njia ile ile ambayo maji yangepita, mpaka kwenye kitanzi. Hakikukwama mahali. Akakirudisha juu, akakiteremsha tena.

Kisha akaniuliza kama chai imeiva.