Taarab ya Nani?

Wapo hapa Ngarenaro wanaoshikilia kwamba Siti Amina wa Unguja haimbi taarab. Bendi yake inachanganya mahadhi, na albamu yao ya mwaka 2018 inaitwa Fusing the Roots. Basi, wanasema, huo ni muziki wa watalii. Siafiki. Taarab ya kasri la Sultani iliimbwa Kiarabu; Siti binti Saad akaiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akairekodi Bombay. Mchanganyaji yule leo tunamwita asili! Kinachoniuma, ndugu msomaji, ni kwamba wimbo wa Kiswahili ukishaitwa wa wageni, sisi wenye lugha tunaacha kuusikiliza. Huyu anapiga udi mwenyewe, na maneno yake yanasikika. Tumsikilize kwanza, jina litafuata.